Tulipeleka Taa, Tukasahau Ndoo

Akina mama wenzetu, wale mliojifungulia kwenye zahanati za vijijini mtatuelewa upesi. Uchungu hauchagui mchana. Mama hufika usiku amepakiwa kwenye baiskeli, na ndani ya mfuko wake mna kanga mbili, pamba, wembe, na mafuta ya taa kidogo kwenye chupa ya soda. Mafuta hayo si ya kupikia. Ni ya kibatari atakachozalishiwa.

Sisi ni wanawake tisa wa kanisa moja jijini Mwanza. Wamo walimu wawili, fundi cherehani mmoja, wauza dagaa watatu wa Kirumba, mama wa nyumbani wawili, na muuguzi mmoja ambaye wenzake wamemtwika kazi ya kuandika haya. Mwaka 2014 muuguzi huyo alikwenda kumsalimia rafiki aliyesoma naye uuguzi, ambaye alipangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ukingoni mwa Ziwa Viktoria, wilayani Magu. Usiku wa pili aliamshwa kusaidia. Alimkuta rafiki yake ameibana tochi kwa meno, akimshona mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Alitaka kumwambia mama yule ajikaze, lakini hakuweza kusema neno, maana angefungua kinywa tochi ingeanguka.

Aliporudi Mwanza alitusimulia jambo hilo baada ya ibada, tukiwa tunaosha vikombe. Hatukuwa na mpango wowote. Mmoja wa wauza dagaa ndiye aliyesema, "Mbona wavuvi wanatushinda? Siku hizi wanaacha karabai, wanakwenda ziwani na taa za sola. Dagaa wanapata mwanga, mama anayejifungua hapati?"

Basi tukaanza na maandazi. Kila Jumapili tuliuza maandazi na chai, na mwisho wa mwezi vitenge. Mume wa mwalimu mmoja ni fundi umeme, naye alitushauri bure, ingawa mwanzoni alitucheka. Tulisoma pia habari za daktari mmoja wa wanawake kutoka Marekani, Laura Stachel, ambaye mwaka 2008 alikwenda Nigeria akaona upasuaji ukisimama kwa sababu ya giza. Yeye na mumewe, Hal Aronson, wakatengeneza sanduku la umeme wa jua lenye taa, chaja ya simu na kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Masanduku hayo ya njano yamefika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Sisi hatukuwa na sanduku. Tulinunua paneli mbili za wati 100, betri moja kubwa, kidhibiti chaji na taa nne, tukazipakia kwenye daladala, na kondakta akatutoza nauli ya paneli kama vile ni abiria.

Usiku wa kwanza taa ilipowaka mtoto wa kike alizaliwa saa tisa. Tulitazamia ataitwa Nuru. Mama yake akampa jina la bibi yake, na ilikuwa haki yake.

Miezi minne baadaye taa zilizimika. Betri ilikuwa imekufa.

Tungependa kumlaumu mtu, lakini kosa lilikuwa letu. Hatukumwachia mtu yeyote maelekezo. Zahanati ile ilikuwa mahali pekee penye umeme kijijini, kwa hiyo kila jioni zililetwa simu kuchajiwa, na mechi ya mpira ikiwapo, mtu alichomeka televisheni. Betri ya aina ile, ya maji na risasi, haitaki kunyonywa mpaka tone la mwisho. Ukizoea kuitumia chini ya nusu, inazeeka kwa miezi badala ya miaka. Tena inahitaji kuongezwa maji maalum ya betri, si ya kisima wala ya ziwa. Akina mama mlio na sola nyumbani, tazameni hilo kabla hamjamlaumu fundi.

Tulirudi kwenye maandazi kununua betri ya pili. Safari hii tulikaa na serikali ya kijiji na wauguzi wa zahanati. Ikakubaliwa taa za chumba cha kuzalishia ziwe na betri yake isiyoguswa, na simu zichajiwe kwenye paneli ya pembeni kwa malipo kidogo, fedha zikae kwa ajili ya ukarabati. Jambo dogo, lakini betri ile ilidumu.

Wakati sisi tunahangaika na paneli zetu mbili, kule Ukara, kisiwa jirani na Ukerewe, kampuni ya JUMEME iliwasha mtambo wa umeme wa jua katika kijiji cha Bwisya mwaka 2016, umeme wa kuendeshea mashine na majokofu. Tulifurahi kusikia, na kusema kweli tuliona wivu kidogo.

Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye veranda ya zahanati tukijisifu kimoyomoyo. Akaja bibi mmoja na mjukuu mgongoni. Mtoto alikuwa na tumbo limejaa na miguu kama vijiti. Tukamwamkia shikamoo. Akaitika, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mayu, mmetuletea taa ya kutuonyesha tunavyoumwa. Maji je?"

Hatukuwa na jibu. Kwa miaka miwili tulikuwa tukipita njia ile ile, tukiwaona watoto wa kike wamebeba madumu kutoka ziwani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza maji yale ni ya nini.

Ziwa letu lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Mtu wa mbali hawezi kuelewa jinsi mtu anavyoweza kukosa maji akiwa amesimama mbele ya maji mengi kiasi hicho. Lakini ziwani humo humo watu wanaoga, wanafua, wananywesha ng'ombe, na pasipo na choo wanajisaidia kandokando. Tangu 2009 maji ya ziwa hili hili husafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafiri kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama. Mtu wa Kahama huko mbali anakunywa maji ya ziwa yakiwa salama, na mtu aliyelala akisikia mawimbi anayanywa na wadudu wake.

Hapa muuguzi wetu ameomba nafasi aeleze kichocho, maana wengi tunakisikia tu kwa jina. Mgonjwa akijisaidia majini au karibu nayo, mayai ya minyoo huanguliwa humo. Vijidudu vinavyotoka huingia katika konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ukingoni. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa vijidudu vingine maelfu, vyenye mkia, visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, kwa dakika chache tu, bila yeye kuhisi. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa zile zile watoto wetu wanapopenda kuogelea. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu. Ile ya ziwani hudhuru utumbo na ini: damu kwenye choo kikubwa, tumbo kuvimba, na baada ya miaka mingi mtu kutapika damu.

Dawa ipo, nayo ni praziquantel. Ni vidonge vikubwa, vichungu, vinavyomezwa baada ya kula, na kipimo hutegemea uzito au kimo. Kwa miaka mingi vimegawiwa zaidi mashuleni, na vimesaidia sana. Shida ni kwamba mtoto akimeza leo na kesho akarudi majini, ataugua tena. Kisiwani Kome, kati ya 2009 na 2012, watafiti wa NIMR Mwanza pamoja na wenzao wa Korea hawakugawa dawa peke yake. Waliongeza mafunzo ya afya, visima virefu na vyoo vya shule. Dawa bila maji ni kama kudeki sakafu huku bati linavuja.

Na mama je, ambaye hayuko shule, naye ndiye anayesimama majini kuliko wote?

Twaandika sehemu hii kwa ruhusa ya mwenyewe. Kijiji kile kina majaruba ya mpunga na malambo, na huko ndiko hasa kinakopatikana kichocho cha pili, kile cha mkojo. Mama mmoja wa miaka thelathini hivi alikuja kwa muuguzi wetu faraghani. Alikuwa na maumivu chini ya kitovu, uchafu ukeni, na damu baada ya tendo la ndoa. Alikuwa ametibiwa mara nne dawa za magonjwa ya zinaa, bila nafuu. Mumewe alipima akaonekana hana kitu. Kwa hesabu ya mume, kama yeye ni mzima na mkewe anaugua, jibu lilikuwa moja tu. Wazee walikwisha itwa, na ng'ombe wa mahari walikwisha anza kuhesabiwa upya.

Muuguzi wetu alimshauri aende hospitali mjini akapimwe vizuri. Daktari aliona kwenye mlango wa kizazi madoa kama chembe za mchanga. Yalikuwa mayai ya kichocho. Mayai ya minyoo ya mkojo huweza kunasa ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, damu, na hata ugumba, na dalili zake hufanana kabisa na za magonjwa ya zinaa. Mama yule hakuwa amemkosea mumewe. Alikuwa amelima mpunga.

Na hapa muuguzi anakiri mbele yenu: alikuwa ameuguza miaka kumi na mbili bila kulifikiria hilo hata mara moja. Alipokuwa chuoni kichocho cha mkojo kilikuwa ni ugonjwa wa wavulana wanaokojoa damu. Ni wanawake wangapi walipita mikononi mwake wakarudi nyumbani na fedheha isiyo yao, hajui, na swali hilo humjia usiku. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba pale ugonjwa ulipo wapewe dawa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, pamoja na watu wazima, wanyonyeshao, na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mama mwenye dalili hizi ambaye dawa zimemshinda asione haya kumwambia mhudumu wa afya, "Mimi nafanya kazi majarubani. Naomba nitazamwe kichocho."

Tukarudi kwenye maji. Kijiji kilikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa zamani, na pampu yake ya mkono ilikuwa imekufa kwa kukosa washa. Ilituchukua karibu miaka miwili kuchangisha. Kanisa lilisaidia, na watoto wa kijiji walioko mijini wakatuma chochote. Mwaka 2018 tulifunga paneli sita, pampu ya kuzamisha kisimani, na tenki la lita 5,000 juu ya mnara wa chuma. Mtambo wa namna hii hauhitaji betri. Jua likiwaka pampu inasukuma, tenki linajaa, na usiku maji yanashuka yenyewe. Betri yake ni lile tenki. Tenki likijaa ni ndoo kubwa 250. Tulipima maji maabara, yakaonekana yanafaa kunywa. Mwenyekiti wa kijiji akachinja mbuzi.

Mwezi mmoja baadaye tulikwenda kutazama. Bombani walikuwapo watoto watatu. Akina mama wote walikuwa ziwani, wanafua.

Tulikasirika. Mmoja wetu, hatumtaji, alisema watu hawa hawataki maendeleo. Tulirudi mjini tukinung'unika njia nzima, na pengine tungeacha kabisa, isipokuwa wiki ile ile jambo lilitokea nyumbani kwa muuguzi. Mwanawe wa miaka kumi na mmoja alilalamika tumbo, na choo chake kikaonyesha damu. Alipelekwa kupimwa. Kichocho. Kumbe kila Jumamosi, mama alipokwenda kufundisha watu wa Magu juu ya maji salama, mtoto alikuwa akiogelea kwenye miamba ya ukingoni hapa hapa mjini, na wenzake. Baba yake hakufoka. Aliuliza tu, "Hivi mtoto huyu ni wa kijiji gani, ili nasi tuletewe mradi?"

Maneno hayo yaliuma kwa sababu yalikuwa na haki. Mtoto alipewa vidonge akapona. Sisi nasi tukapunguza Jumamosi, zikawa mbili kwa mwezi badala ya nne, na watoto wetu tukaanza kuwachukua tunapokwenda.

Tuliporudi kijijini hatukuhutubia. Tuliketi na akina mama juu ya mawe ziwani, tukawaomba watuambie kwa nini wanapenda pale. Walicheka kwanza. Kisha mmoja akasema maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, kipande cha kufulia wiki kinaisha siku moja. Mwingine akasema bombani hakuna pa kuanikia. Wa tatu, mke kijana, akatazama nyuma kwanza ndipo akasema, "Hapa mama mkwe hafiki." Kicheko kilichofuata kilitusogeza karibu kuliko mikutano yote tuliyoitisha. Ziwani ndipo wanapopata saa mbili za kukaa wao kwa wao. Sisi tulileta bomba na foleni, tukawanyang'anya baraza yao.

Muuguzi ndipo alipokumbuka jambo ambalo angelisema tangu siku ya kwanza kama angeuliza. Vile vijidudu vyenye mkia vikikosa mtu wa kumwingia hufa vyenyewe kwa muda wa siku mbili hivi. Maji ya ziwa yakichotwa yakakaa kwenye pipa lenye kifuniko, lisilo na konokono, kwa siku mbili kamili, hayana tena kichocho cha kumwambukiza afuaye au aogaye. Si ya kunywa, maana vijidudu vya kuharisha bado vimo, lakini ni ya kufulia na sabuni inatoka povu. Tukaweka mapipa, moja linajazwa leo wakati lingine linatumika. Wanaume wakakubali kuyajaza kwa mkokoteni wa ng'ombe wakiwa na mabuti ya mpira. Karibu na bomba pakajengwa karo za kufulia za saruji, kamba za kuanikia, na kibanda cha nyasi cha kivuli. Akina mama wenyewe ndio waliochagua mahali, nyuma ya mti mkubwa, pasipoonekana kutoka kwenye nyumba za wazee. Hatukuuliza sababu.

Kwa wale walio mbali na bomba tuliwafundisha njia isiyohitaji kuni. Chukua chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita mbili, jaza maji maangavu, zilaze juu ya bati asubuhi. Jua kali la saa sita linatosha kuua vijidudu vya kuharisha. Kukiwa na mawingu ziache siku mbili. Maji yenye tope lazima yachujwe kwanza. Jambo hili lilichunguzwa na Aftim Acra na wenzake huko Beirut, ambao mwaka 1980 waliandika juu ya kusafisha kwa jua maji ya kuchanganyia dawa ya kuharisha, na tangu 1991 taasisi ya Eawag ya Uswisi imeliendeleza. Nasi hatuwadanganyi, ni kazi inayochosha. Mama mwenye watoto sita anahitaji bati zima la chupa. Wenye kuni wanachemsha, na wenye dawa ya klorini wanatumia klorini.

Malipo ya maji yalileta ugomvi wake, ambao hatutausimulia wote. Wengine walisema maji ni ya Mungu. Bibi yule wa veranda akawajibu kwamba maji ni ya Mungu, bomba ni la fundi. Paneli moja iliibwa, na baada ya hapo zote zikafungwa kwa vyuma vya kuchomelea. RUWASA ilipoanzishwa mwaka 2019 mradi uliingizwa katika utaratibu wake, na sasa chombo cha watumia maji ndicho kinachosimamia, si sisi. Tulidhani tutafurahi kuukabidhi. Tulijisikia kama mama aliyemwoza binti.

Mwaka 2021 nguzo za umeme wa gridi zilifika kijijini. Zahanati ina umeme wa TANESCO, na paneli zetu mbili zimebaki za akiba umeme unapokatika. Muuguzi mwenye tochi ya meno alihamishwa, lakini aliyempokea ametuambia kwamba usiku wa mvua kubwa bado ni zile taa nne zinazowaka.

Yule mama wa majaruba ndiye mtunza hazina wa maji, na ufunguo wa bomba anaufunga kwenye pindo la kanga. Alitibiwa, maumivu yakapungua, ingawa daktari alimwambia makovu mengine hayatafutika. Yuko kwa mumewe. Kama mume aliwahi kumwomba radhi hatujui, wala hatukumwuliza. Jumamosi iliyopita tulimkuta anagombana na kijana wa mkokoteni aliyetaka kuchota kutoka pipa la jana. Alimwonyesha alama ya chaki ubavuni mwa pipa, siku na saa, akamwambia arudi kesho jioni.